Bustani Iliyokatazwa Kudumu

Ukitoka kwenye kituo kikuu cha treni cha Copenhagen na kuvuka barabara moja tu, unakutana na uzio mrefu uliofunikwa na miti, na nyuma yake unasikia mayowe ya watu wanaoporomoka kutoka juu kwa hiari yao wenyewe. Hapo ndipo Tivoli. Mgeni anayejua bei ya ardhi katika mji mkuu wowote hana budi kushangaa. Upande mmoja kuna kituo cha treni, upande wa pili kuna jengo la halmashauri ya jiji, na katikati, pale ambapo miji mingine ingeshindilia mabenki, maofisi na hoteli za ghorofa, kuna bustani ya starehe ya kama hekta 8 yenye ziwa, maua, majukwaa ya muziki, mikahawa na mashine za kuwarusha watu hewani. Ilifunguliwa tarehe 15 Agosti 1843, siku ambazo Sayyid Said alikuwa ameshahamishia makao yake Zanzibar na Denmark ilikuwa bado chini ya mfalme asiyewajibika kwa bunge lolote. Bustani nyingi za aina yake zilizoitangulia, na nyingi zilizoifuata, leo zimebaki kwenye michoro na majina ya mitaa. Hii bado inakata tiketi, na katika mwaka mzuri hupokea wageni karibu milioni 4. Msafiri anaweza kuieleza kwa kuhesabu alivyopanda na alivyokula. Mimi kinachonishughulisha ni swali moja: imewezaje kubaki?

Jibu linalotolewa haraka ni uzee wenyewe. Watu, husemwa, hupenda mambo ya kale. Babu alikwenda, baba akaenda, mtoto naye anapelekwa. Sioni kwamba jibu hili linatosha, na ushahidi hauko mbali. Mwendo mfupi wa treni kuelekea kaskazini, msituni karibu na Klampenborg, ipo Bakken, ambayo huhesabu umri wake tangu mwaka 1583, pale watu walipoanza kumiminika kwenye chemchemi iliyosifiwa kwa maji yake, na wauzaji na wachekeshaji wakawafuata. Bakken ni kongwe kuliko Tivoli kwa miaka 260, haina kiingilio langoni, na inapendwa. Lakini haikuwa Bakken iliyowafanya watu wa Marekani waje na daftari kujifunza, wala jina lake halikuenea duniani kuwa jina la kumbi za starehe na sinema. Na kama uzee ungekuwa kinga, bustani ya Vauxhall ya London, iliyowaburudisha Waingereza kwa karibu miaka mia mbili, isingefungwa mwaka 1859. Uzee ni matokeo ya kudumu. Hauwezi kuwa sababu yake. Jibu la pili, kwamba watu hufuata mashine, lina nguvu kidogo zaidi, na nitalirudia. Maoni yangu mimi ni haya: Tivoli imedumu kwa sababu tangu siku ya kwanza ilinyimwa haki ya kudumu, na kunyimwa huko kukaifundisha kutofautisha kilicho mwili wake na kilicho nguo zake.

Mwanzilishi wake, Georg Carstensen, alizaliwa Algiers mwaka 1812, mtoto wa balozi mdogo wa Denmark. Alikulia baina ya nchi, akasafiri, akaona bustani za starehe za Ulaya, kisha akarudi Copenhagen na kuanzisha magazeti. Ili kuwavutia wasomaji wake aliandaa karamu za usiku zenye muziki, taa za rangi na fataki, na umati uliokuja ulimwonyesha kwamba mji ule ulikuwa na njaa ya mahali pa kukutania. Tukumbuke Copenhagen ilivyokuwa wakati huo: mji wa kama watu 120,000 waliobanana ndani ya boma la kijeshi, wenye milango iliyofungwa usiku, ambako kujenga nje ya kuta kulizuiwa na sheria za ulinzi. Carstensen aliomba kipande cha ardhi nje ya lango la magharibi, kwenye ngome yenyewe, na Mfalme Christian VIII akampa hati ya miaka mitano. Miaka mitano tu. Na kwa kuwa ardhi ile ilikuwa ya jeshi, chochote kitakachosimamishwa juu yake kilitakiwa kiwe chepesi, cha mbao na turubai, kinachoweza kubomolewa upesi ikiwa adui atatokea na mizinga ikahitaji kuona mbali. Huu ndio msingi wa hadithi yote, na nashangaa jinsi unavyotajwa kwa kupitiwa tu katika vijitabu vya watalii. Bustani nyingine za starehe zilijengwa na watu waliotaka kumiliki. Hii ilijengwa na mtu aliyejua kwamba anaweza kuamriwa kuing'oa.

Masharti ya namna hii humlazimisha mjenzi kufikiri kwa njia ya pekee. Huwezi kuweka fahari yako katika jengo ambalo huenda likavunjwa. Utaiweka katika mpangilio wa njia, katika maji, katika miti, katika saa za jioni. Ziwa la Tivoli lililo katikati ya bustani ni kipande cha handaki la maji lililozunguka boma la mji. Boma lilipobomolewa katika nusu ya pili ya karne ile, na mji ukapanuka ukaizunguka bustani kila upande, kipande hicho cha handaki kikabaki na maji yake, na leo watu hukizunguka wakiwa na vikombe vya kahawa mikononi bila kujua kwamba wanatembea juu ya ulinzi wa kale. Huo ndio mwili: maji, njia zinazopinda ili usione mwisho wake, vitanda vya maua, miti mikubwa, na taa. Vilivyobaki ni nguo, na nguo hubadilishwa. Jumba la mtindo wa Kiarabu lilijengwa, kisha likajengwa jingine mwaka 1909 ambalo leo ni hoteli. Mnara wa Kichina ulisimamishwa mwaka 1900. Gurudumu kubwa la kubembea, lenye vikapu vilivyoumbwa kama maputo, lilikuja mwaka 1943, bustani ilipotimiza miaka mia moja. Mwaka 2004 ikaja Dæmonen, garimoshi la chuma linalowapindua abiria kichwa chini, na mwaka 2006 ukaja mnara wa bembea za minyororo wenye urefu wa mita 80. Carstensen mwenyewe alikuwa akisema kwamba bustani yake haitakamilika kamwe, na wasimamizi waliomfuata wamelichukua neno hilo kuwa ruhusa.

Miongoni mwao kuna mmoja ninayemwona kuwa shahidi mzuri. Bernhard Olsen alianza kuiongoza Tivoli mwaka 1868. Alikuwa mtu wa kuhifadhi kwa tabia na kwa mapenzi: mwaka 1885 alifungua makumbusho ya maisha ya watu wa Denmark, na baadaye akaanzisha makumbusho ya wazi ambako nyumba za wakulima zilihamishwa ubao kwa ubao na kusimamishwa upya ili zisipotee. Kama kuna mtu ambaye angeweza kuifanya Tivoli kuwa kaburi lililopambwa, ni yeye. Hakufanya hivyo. Vya kuhifadhiwa alivipeleka makumbusho. Bustani aliiacha iendelee kuvaa na kuvua. Jumba la maigizo ya bubu lililojengwa katika wakati wake, mwaka 1874, kwa usanifu wa Vilhelm Dahlerup na mwenzake, lilikuwa kitu kipya kabisa kwa siku hizo, lenye sura ya Kichina na pazia linalofunguka kama mkia wa tausi. Leo ni la kale na linaheshimiwa. Jukwaani bado hucheza Pierrot, Harlekin na Columbine, wahusika walioletwa Denmark na wasanii wa Kiitalia na Kiingereza kabla Tivoli haijazaliwa. Na jukwaa hilohilo hupokea bale mpya, zikiwemo zilizobuniwa mavazi na mandhari na Malkia Margrethe II mwenyewe. Watazamaji hukaa nje hewani, na aliyekwisha kulipa langoni halipi tena.

Sasa tuwatazame waliokufa, maana hoja ya kudumu haiwezi kuthibitishwa na aliyedumu peke yake. Carstensen aliiita bustani yake Tivoli na Vauxhall, majina mawili aliyoazima Paris na London. Paris ilikuwa na bustani kadhaa za Tivoli, moja baada ya nyingine, zenye jina la mji mdogo wa Italia ulio karibu na Roma. Zote zilikwisha wakati yeye anaanza, ardhi yake ikimezwa na nyumba. Vauxhall nayo ilikatwa viwanja vya kujengea. Ng'ambo ya Atlantiki, Coney Island ya New York ilikuwa na bustani tatu zilizotikisa dunia mwanzoni mwa karne ya 20: Dreamland iliteketea mwaka 1911, Luna Park iliungua mwaka 1944, na Steeplechase ilifungwa mwaka 1964. Zote tatu ziliweka nguvu yao katika ukubwa wa majengo na ushindani wa mashine, na majengo yalipoungua au kufungwa hapakuwa na kitu chini yake cha kuwarudisha watu. Cyclone, garimoshi la mbao la mwaka 1927, bado lipo hadi leo pale Coney Island na bado linapakia watu. Hapo ndipo jibu la mashine linapoishia: mashine inaweza kubaki hai huku bustani iliyoizunguka imekufa.

Ushahidi ulio mzito kuliko wote unatoka kwa Carstensen mwenyewe. Mwaka 1848, baada ya kukosana na wenye hisa wenzake na vita vya Schleswig kuzuka, uongozi wa Tivoli ulimtoka mikononi. Akaishia New York, ambako yeye na mwenzake Charles Gildemeister walisanifu Jumba la Kioo lililofunguliwa mwaka 1853, jengo kubwa la chuma na vioo lililosifiwa kuwa haliwezi kushika moto. Liliteketea mwaka 1858. Aliporudi nyumbani alianza bustani nyingine, Alhambra, huko Frederiksberg, pembeni mwa mji uleule, kwa watu walewale, akiwa na ujuzi zaidi kuliko alipokuwa na miaka 30. Alifariki mwaka 1857, kabla hajaiona ikifunguliwa, na Alhambra yenyewe haikumaliza miaka 15. Mtu mmoja, vipaji vilevile, mji mmoja: kazi yake iliyojengwa kwa chuma iliungua, bustani yake ya pili ikafa, na ile ya mbao na turubai, iliyopewa miaka mitano, ndiyo inayokaribia mia mbili.

Mpinzani makini atasema kwamba nimeruka bahati. Tivoli ilikuwa jirani na lango kuu la mji, baadaye ikawa jirani na kituo cha treni kilichofunguliwa mwaka 1911, na mahali pazuri huuza chochote. Nakubali kwamba Alhambra ilikuwa mbali zaidi na miguu ya watu, na hilo liliiumiza. Hata hivyo, mahali pazuri ni hatari kubwa kwa bustani. Vauxhall na Tivoli za Paris ziliuawa na uzuri wa mahali pake: kadiri mji ulivyozisogelea, ndivyo shamba la maua lilivyoonekana upumbavu mbele ya safu ya nyumba za kupangisha. Kwa hiyo ukaribu na kituo hauelezi kwa nini Tivoli ilibaki. Unaongeza ugumu wa swali. Bustani iliyo kwenye ardhi ya bei mbaya hubaki pale tu ambapo watu wa mji wanaihesabu kuwa yao kiasi kwamba kuigusa ni kujitafutia balaa. Na watu hawahesabu mashine kuwa yao. Wanahesabu jioni.

Neno hili jioni nalisema kwa uzito wake wote. Tangu mwanzo Tivoli iliuza jambo moja ambalo mji wa kuta haukuwa nalo: ruhusa ya kukaa nje baada ya jua kutua, pamoja na watu usiowajua, penye mwanga na muziki. Hans Christian Lumbye, aliyeongoza okestra ya bustani tangu mwaka wa ufunguzi hadi 1872, aliandika mamia ya vipande vya kuchezea, kikiwemo kile cha mwaka 1845 kinachoanza kwa mlio wa kizibo cha shampeni, na ambacho Wadenmark wote wanakijua. Mwaka 1844 kilianzishwa kikosi cha wavulana waliovalishwa kama walinzi wa mfalme, wenye kofia ndefu za manyoya, wakipita na ngoma na matarumbeta. Kipo hadi leo, na hutoa wanamuziki wa kweli. Atakayetaka kufahamu mvuto huu bila kufika Denmark afikirie Forodhani ya Unguja saa za magharibi: wachache wamekuja kwa sababu ya chakula tu, wengi wamekuja kwa sababu wengine wamekuja. Asilimia kubwa ya muda wa mgeni wa Tivoli hupita akiwa amekaa kwenye benchi au anatembea polepole, na anayefika mchana, akapanda mashine zote, akaondoka kabla ya taa kuwaka, kwa maoni yangu hajaiona.

Hans Christian Andersen aliiona. Oktoba 1843, baada ya kutembelea Tivoli katika msimu wake wa kwanza, alianza kuandika ngano yake ya mfalme wa China na ndege mwimbaji, ambayo ilichapishwa mwezi uliofuata. Ndani yake ndege hai anawekwa kando kwa ajili ya ndege wa mashine aliyepambwa vito; mashine inaharibika, na mfalme aliye kitandani anaokolewa na yule hai anayerudi dirishani. Sidai kwamba Andersen alikuwa akiihubiria bustani. Lakini mvutano ule baina ya kilicho hai na kilichotengenezwa ulikuwa mbele ya macho yake katika vibanda vya Kichina na taa za rangi, na naona Tivoli imeishi miaka yote hii ndani ya mvutano huohuo. Tazama garimoshi lake la mbao la mwaka 1914. Linapita ndani ya milima ya kuigiza, na katikati ya mabehewa amekaa mtu, mshika breki, ambaye mkono wake ndio unaoamua kasi kwenye kila mteremko. Yamebaki machache sana duniani yanayoendeshwa hivyo. Mashine za kisasa zimekwenda mbali kuliko hii kwa kasi na kimo, na watoto huzikimbilia. Ila foleni ya garimoshi la zamani haijaisha, kwa sababu abiria anajua kwamba roho yake iko mikononi mwa mtu aliyeketi karibu naye, anayeweza kulegeza kidogo au kubana kidogo. Hii ni starehe yenye binadamu ndani yake, na haipitwi na wakati kwa sababu haishindani na rekodi yoyote.

Usiku wa kuamkia tarehe 25 Juni 1944 hoja hii ilijaribiwa kwa baruti. Denmark ilikuwa imekaliwa na Wajerumani tangu mwaka 1940. Katika miaka ile ya giza la lazima, mbunifu wa taa Poul Henningsen, aliyekuwa msanifu wa Tivoli, alibuni taa ambayo mwanga wake ulianguka chini bila kuonekana na ndege za angani, ili bustani iendelee kufunguliwa usiku. Yeye mwenyewe alilazimika kukimbilia Uswidi mwaka 1943. Usiku ule wa Juni, kikosi cha Wadenmark waliowatumikia Wajerumani kililipua mabomu ndani ya Tivoli kulipiza hujuma za wapinzani. Ukumbi wa muziki uliharibiwa kabisa pamoja na majengo mengine mengi. Jengo la tamasha lenye heshima zote lilikuwa majivu, na kwa hesabu ya kawaida bustani ingekuwa imekwisha. Ilifunguliwa tena msimu uleule, maana njia zilikuwepo, ziwa lilikuwepo, na watu walikuwepo. Ukumbi mpya ulingoja hadi mwaka 1956. Miaka 12 bila jengo lake kuu, na hakuna aliyesema Tivoli imekufa. Lipime hilo na Luna Park, iliyoungua mwaka huohuo na haikuinuka.

Tukio hilo linanisaidia pia kulijibu pingamizi lenye uchungu zaidi wa kisiasa. Husimuliwa kwamba Carstensen alimshawishi mfalme kwa kumwambia kuwa watu wanaoburudika hawafikirii siasa. Ikiwa ndivyo, basi bustani nzima ni dawa ya usingizi, na kuisifu ni kuisifu hila ya mtawala. Maneno hayo siwezi kuyakanusha, lakini matokeo yake yanaweza kupimwa. Machi 1848, miaka isiyofika mitano tangu Tivoli ifunguliwe, watu wa Copenhagen waliandamana hadi kasri, na utawala wa mfalme asiyebanwa ukakoma. Tarehe 5 Juni 1849 nchi ikapata katiba. Watu walewale waliokuwa wakizunguka ziwa jioni ndio waliozunguka kasri. Na mwaka 1944, siku moja baada ya Tivoli kulipuliwa, na baada ya Wajerumani kupiga marufuku kutoka nje kuanzia saa mbili za usiku, wafanyakazi wa kiwanda cha meli walitangaza kwamba watatoka kazini mapema kwa sababu wanahitaji saa za kushughulikia bustani zao. Mgomo ukaenea mji mzima, na Wajerumani wakalazimika kulegeza amri. Mtawala anayedhani kwamba starehe huwalaza watu amesahau kuwa waliozoea kuwa na jioni yao huijua thamani yake siku inaponyang'anywa.

Liko jambo jingine ambalo siwezi kulitetea, na msomaji wa Kiafrika ana haki ya kulitaja kabla sijamaliza. Mwaka 1905 yalifanyika Tivoli maonyesho ya makoloni ya Denmark. Kutoka St. Croix, kisiwa cha Karibi ambako Waafrika waliosafirishwa kwa nguvu walilimishwa miwa chini ya bendera ya Denmark, waliletwa watoto wawili, Victor Cornelins wa miaka kama 7 na Alberta Roberts wa miaka 4, wakawekwa mbele ya umma watazamwe. Victor alipozoea kuzurura kuangalia maonyesho mengine, kama mtoto yeyote angefanya, walifungiwa ndani ya kizimba. Miaka mitatu kabla ya hapo walikuwa wameletwa Wachina kwa kazi hiyohiyo ya kutazamwa. Alberta alifariki akiwa msichana bado. Victor alibaki Denmark, akawa mwalimu na mwanamuziki katika mji wa Nakskov, akapanda hadi ngazi za uongozi wa shule, na uzeeni akaeleza maisha yake kwa kitabu. Visiwa viliuzwa kwa Marekani mwaka 1917.

Atakayesema kwamba Ulaya nzima ilikuwa ikifanya hivyo atakuwa anasema kweli, na kweli hiyo haipunguzi chochote. Kwangu mimi jambo hili linaigusa hoja yangu mahali pake penye udhaifu. Bustani inayojua kuvua nguo zake upesi huweza pia kuvua aibu zake upesi. Kizimba kilikuwa cha mbao kama vingine vyote, kikabomolewa msimu ulipokwisha, na msimu uliofuata pakawa na kitu kingine cha kufurahisha. Wepesi uleule unaoiweka Tivoli hai ndio unaoweza kuisahaulisha. Nashikilia kwamba mahali pa aina hii pana wajibu mzito zaidi wa kukumbuka kuliko majumba ya mawe, kwa sababu mawe hubaki yakishuhudia hata wenyewe wakinyamaza. Anayeandika historia ya Tivoli bila Victor na Alberta ameandika tangazo la biashara, na anayewaandika hao tu bila jioni, muziki na mgomo ameacha kueleza kwa nini mahali hapa palikuwa na nguvu ya kuumiza kiasi hicho: palikuwa sebule ya mji, na watoto wale walifungiwa sebuleni.

Kuhusu fedha nitasema kwa ufupi. Tivoli ni kampuni na imekuwa kampuni tangu mwanzo. Kiingilio chake si kidogo, na mashine hulipiwa mbali. Yeyote anayetamani bustani iwe ya bure kwa kila mtu atapata faraja zaidi Bakken, au Prater ya Vienna, ambayo ilifunguliwa kwa umma mwaka 1766. Ila uchumi wa Tivoli una mantiki ambayo Walt Disney aliitambua alipoitembelea mwaka 1951, miaka minne kabla ya kufungua Disneyland. Inasimuliwa kwamba aliandika katika daftari lake habari za taa, viti, maua, chakula na usafi; mashine hazikuwa za kwanza kumvutia. Aliyaelewa mengi, lakini moja alilibadilisha. Bustani yake aliiweka nje ya mji, mahali pa kusafiria mara moja kwa mwaka au mara moja kwa maisha, na mgeni wa mara moja ana haki ya kudai ukamilifu. Mkazi wa Copenhagen aliyenunua kadi ya mwaka hupita Tivoli saa moja baada ya kazi, akasikiliza okestra, akaenda zake nyumbani. Mteja wa namna hii haoni uchungu akikuta ukuta umebomolewa na mafundi wako kazini. Anataka tu kujua kinajengwa nini.

Kinachonitia wasiwasi leo ni kalenda. Kwa miaka 150 Tivoli ilikuwa ya majira ya joto: inafunguliwa miti inapochipua, inafungwa baridi inapoanza, na miezi iliyobaki udongo hupumzika, mafundi hukongoa na kuunda, na mji huitamani. Mwaka 1994 ikaanza kufunguliwa wakati wa Krismasi. Ikafuata Halloween mwaka 2006, kisha msimu wa Februari mwaka 2018. Sababu zinaeleweka, mishahara hailipwi kwa tamaa ya watu kurudi, na taa za Disemba katika nchi yenye jua la saa saba kwa siku ni neema ya kweli. Lakini kufungwa kwa msimu kulikuwa mabaki ya mwisho ya lile sharti la ngome, la kukubali kwamba bustani haipo kila siku na huenda mwakani isiwe hivi. Wiki zinazobaki za malango kufungwa zimekuwa chache, na kila msimu mpya unaoongezwa unawanyima wapanda maua na mafundi muda wao. Ningekuwa na hisa katika kampuni ile, ningepiga kura wiki hizo zisiguswe, hata kama hesabu za robo mwaka zingepungua.